Diski Mama ya Bisibisi

Wateja walimwita Bisibisi, na yeye hakulikataa jina hilo kwa sababu halikumgharimu kitu. Alianza na viatu vya mitumba, akivipanga juu ya turubai kando ya njia, na huko ndiko alikojifunza kwamba mteja anayeshika kiatu kile kile mara mbili ameshanunua; kilichobaki ni bei. Viatu vilipoacha kulipa, alinunua gunia zima la laptop mbovu zilizotupwa na ofisi, akazifungua moja baada ya nyingine mpaka akajua kilichomo tumboni mwake. Hakuna aliyemfundisha. Aliua kumi na nne kabla ya kufufua ya kwanza, na hakuwahi kuzisikitikia. Alisema hizo ndizo karo yake ya shule.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa chuma. Meza ilitandikwa kipande cha zulia ili skrubu zikianguka zisirukeruke. Makopo ya maziwa ya unga yalipangwa ukutani: la skrubu, la vitufe, la kadi za waifai, la vitu ambavyo havikuwa na jina lakini siku moja vingehitajika. Kwenye droo ya juu, iliyofungwa kwa ufunguo, palikaa kitu alichokithamini kuliko vyote, nacho ni diski mama.

Laptop kuukuu haibebi mifumo mipya ya kulipia, kwa hiyo Bisibisi aliziwekea Linux, mfumo wa bure na mwepesi. Kuiweka na kuipanga upya kwenye kila mashine kungemla nusu siku. Akafanya ujanja. Aliitengeneza mara moja, vizuri, kwenye diski moja, kisha akawa anainakili. Alichomeka diski mama upande huu, diski ya laptop upande ule, akanywa chai, na chai ilipoisha mtoto alikuwa amezaliwa akifanana na mamaye kila kitu. Miaka sita aliuza watoto wa diski ile.

Kila mtoto alijaribiwa kwa waya. Intaneti ya dukani ilipita kwenye tundu la ukuta kutoka kwa jirani yake, mwanamke mwenye mashine ya fotokopi, naye Bisibisi alimlipa kwa kumtengenezea mashine zake. Laptop ilichomekwa waya huo, ikafungua ukurasa mmoja, ikahesabiwa nzima. Waifai hakuijaribu. Hakuwa nayo, na hakuona sababu ya kulipia kitu ambacho atakayekitumia ni mteja.

Baadhi zilirudi. Mashine nzuri, wateja walisema, lakini haioni waifai. Bisibisi alifungua mfuniko, akatazama kadi, na kila mara ilikuwa imetoka kiwanda kile kile. Akajijengea elimu yake: kadi za kiwanda kile hufa kwa joto. Bisibisi alimwambia hivyo mteja wa kwanza kwa kubahatisha, wa tano kwa uhakika, na wa kumi alimsimulia vifo vya kadi hizo kana kwamba aliwahi kuhudhuria mazishi yake. Kisha alifungua kopo na kumuuzia kidude cha kuchomeka pembeni, kidogo kama ukucha wa kidole gumba, ambacho kilikuwa kadi nyingine ya kiwanda kingine. Waifai ikaonekana. Mteja akaondoka ameridhika, naye Bisibisi akabaki ameuza mara mbili.

Alhamisi moja, saa mbili na nusu asubuhi, alikuja mzee mmoja na laptop ndani ya mfuko wa saruji uliokunjwa vizuri. Alikuwa fundi plasta, amestaafu, na chokaa ilikuwa imeganda kwenye mikunjo ya vidole vyake isitoke tena. Laptop aliinunua juzi baada ya kupatana kwa saa nzima. Ni watu wachache waliowahi kumtoa Bisibisi jasho kama yeye, na kwa hilo alimheshimu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Umeniuzia mbuzi kwenye gunia."

"Mbuzi ulimkagua mwenyewe. Ulimtazama mpaka meno."

"Meno anayo. Macho ndiyo hana. Haoni waifai."

Bisibisi aliifungua. Hakuhitaji kutazama mara mbili, kadi ilikuwa ya kiwanda kile. Mkono wake ulienda kwenye kopo la vidude kwa mazoea, ukagusa chini ya kopo. Cha mwisho alikuwa amekiuza wiki iliyopita, na mwenye kumletea alikuwa haji mpaka Jumamosi.

"Kadi imekufa," alisema. "Hizi huuawa na joto. Njoo Jumamosi nikupe kidude, bei nitakupunguzia."

"Jumamosi hainifai. Ni leo saa tano."

"Na mali yangu ikishatoka mlangoni, mzee, ni ya mnunuzi. Tulisemezana."

"Sijaomba hela," mzee alisema. "Nimekuja nimwone mwanangu."

Akaeleza, kwa kifupi, kama mtu asomaye kibao. Mwanawe alikuwa gerezani, mwaka wa pili sasa. Gereza lile liliwaruhusu ndugu kuonana na mfungwa kwa video, dakika kumi na tano, kwa zamu, kwenye ukurasa uliozikataa simu na kukubali kompyuta tu. Zamu yao ilikuwa leo saa tano. Jumatatu mwanawe alikuwa anahamishiwa gereza la mbali lisilo na mtambo huo, na huko angekaa mpaka amalize mwaka uliobaki.

"Basi tatizo hatuna," Bisibisi alisema. "Kaa hapa hapa. Nakuchomekea waya, unaongea naye."

Mzee aligeuza shingo, akatazama. Mlango ulikuwa wazi. Kwa jirani palikuwa na foleni ya watu wenye fomu mkononi, na jirani mwenyewe alikuwa ameegemea ukuta anasikiliza bila kujificha.

"Shoga," jirani alisema, "imerudi nyingine? Hizo kadi zako zinakufa kama kuku wa mdondo."

"Kaangalie karatasi zako zisiungue," Bisibisi alimjibu.

Mzee alingoja mpaka jirani akaingia kwake. Kisha akasogeza kiti karibu na meza.

"Nina neno la kumwambia. Nikilisema hapa litafika sokoni kabla yangu."

"Neno gani lisilongoja Jumamosi, mzee? Nieleze, nijue nahangaikia nini."

Mzee aliitazama mikono yake. "Alifungwa kwa nyaya za shaba. Tulikuwa jengo moja, mimi ndiye niliyemtafutia ile kazi. Alikuwa anachomoa nyaya ukutani, anauza. Mtu mmoja akamwambia msimamizi. Yeye anaamini ni mwashi fulani tuliyekuwa naye. Kila anayetoka kule ananiletea salamu zake, kwamba siku akitoka ataanza na huyo mwashi kabla ya kufika nyumbani."

"Na si mwashi."

"Ni mimi."

Bisibisi hakusema pole. Hakuwa na mazoea nayo, na aliona kwamba mzee hakuja kuitafuta. "Barua je?"

"Barua zinafunguliwa. Na mimi nimezoea mwiko wa plasta, mama, si kalamu. Siwezi."

Kulikuwa na njia moja aliyoifikiria, kumpa simu yake ailishe laptop intaneti kwa waya. Lakini mzee alisema kwake simu hazishiki mtandao, yeye mwenyewe hupanda ngazi za jirani ili apokee. Na simu ya Bisibisi, yenye wateja wake wote ndani, haikuwa ya kuazimwa na mtu. Kwa mzee kulikuwa na waifai ya mpangaji wa pili, muuguzi, aliyempa nywila kwa wema. Basi ni kadi au hakuna.

Alivuta taa. Akafungua skrubu nane za tumbo, akaitoa kadi, akaweka nyingine ya aina ile ile kutoka kwenye kopo. Akawasha. Hakuna. Akaitoa hiyo pia. Pembeni ya meza palikuwa na laptop ya ofisi iliyoingia jana, bado na mfumo wake wa zamani, na asubuhi ile ile aliiwasha akaona ikiorodhesha waifai za mtaa mzima. Ndani mlikuwa na kadi ya kiwanda kile kile. Akaing'oa, akaipandikiza kwa mzee, akawasha. Hakuna.

Hapo akaacha kufanya haraka. Saa ya ukutani ilisema saa tatu na robo.

"Hii ya tatu ilikuwa hai saa moja iliyopita," alisema, zaidi kwa meza kuliko kwa mzee. "Imekufaje njiani kutoka huku mpaka huku? Ni upana wa mikono miwili."

"Labda haijafa," mzee alisema.

Alichukua flashi yenye Linux kama inavyotoka kwa wenyewe, kabla hajaigusa kwa mkono wake, akaiwasha laptop kutoka kwenye flashi hiyo badala ya diski. Kioo kilipofunguka aliibonyeza alama ya mtandao. Waifai tisa zikajipanga, mbili kati yake zikiwa na majina ya matusi. Akarudisha kadi ya kwanza, ile ambayo mzee alikuja nayo, ile aliyoitangaza maiti. Waifai tisa.

Kadi ilikuwa nzima. Kiwanda kilikuwa hakina kosa. Kilichokuwa tofauti kati ya flashi na diski ni kimoja tu, na hicho ni kazi yake.

Akarudi kwenye diski, akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akaiuliza mashine inaona nini. Mashine ikajibu kwamba kadi inaiona, lakini haina draiva, yaani ile programu inayoifundisha mashine kukitumia kifaa. Akaita draiva kwa jina, kwa mkono. Ikaja mara moja, na kadi ikaamka. Kumbe draiva ilikuwemo ndani siku zote, ila mashine ilikuwa haiiti. Akaingia kwenye folda linalohifadhi majina ya draiva zilizokatazwa kuitwa. Mlikuwa na faili moja fupi, mistari miwili. Wa kwanza ulikuwa maelezo yaliyoandikwa na mtu, na mtu huyo aliandika Kiswahili: *Huyu anagombana na mwenzake. Mfunge, usimfungue.* Wa pili ulikuwa jina la draiva.

Aliukumbuka mwaka ule. Aliletewa laptop kumi na nane za aina moja, na kadi zake ziligombewa na draiva mbili, kila moja ikiivuta upande wake, mtandao ukawa unakatika kila dakika. Alihangaika wiki nzima kwa waifai ya kuazima, akaifunga draiva moja, nyingine ikatulia, akalala usingizi mzuri. Mfumo ule uliotulia ndio alioufanya diski mama. Laptop zilizofuata zilikuwa na kadi nyingine za kiwanda kile kile, ambazo draiva yake ilikuwa ile iliyofungwa. Kila mtoto alizaliwa na kufuli la mama yake, na fundi akawa anauza dawa ya ugonjwa aliousambaza mwenyewe.

Mzee alikuwa amesogea, anasoma juu ya bega lake. Alisoma polepole, kwa midomo.

"Haya ni maneno ya nani?"

Jibu rahisi lilikuwepo mdomoni. Kadi ilikuwa imelegea, mzee, nimeibana. Angelisema, na mzee angelimeza, na biashara ingeendelea kama jana. Bisibisi hakuwa mtu wa kuona haya kwa uongo mdogo wa dukani. Lakini maandishi yalikuwa pale pale, makubwa, kwa lugha yao wote wawili.

"Yangu," alisema.

"Kwa hiyo kadi haikufa."

"Haikufa. Niliifungia mimi, zamani, na nikasahau. Kosa ni langu, si la kadi wala la kiwanda."

Mzee alirudi kwenye kiti. Hakukasirika, au kama alikasirika alikuwa na kazi kubwa zaidi ya kufanya na hasira yake. "Plasta ikipasuka," alisema, "wenye nyumba wanalaumu jua. Sisi tunamtazama kwanza aliyechanganya."

"Na aliyechanganya anasemaje?"

"Anasema jua," mzee alisema. Akakwangua chokaa kidoleni. "Kwa kawaida."

Bisibisi alifuta mistari yote miwili, akazima, akawasha. Akafanya hivyo mara tatu, na mara zote kadi iliamka yenyewe bila kuitwa. Akafunga skrubu nane. Alipohesabu baadaye, vidude alivyouza kwa sababu ya mstari ule vilikuwa thelathini na kimoja. Wiki iliyofuata alianza kuwapigia simu walionunua, mmoja mmoja, akawaambia walete mashine bure na kidude kitarudishwa. Mmoja alimtukana. Wengi walishangaa tu, kwa kuwa walikuwa wameridhika. Mmoja alikuwa amefariki, na simu ikapokelewa na mjane wake, ambaye hakuelewa hata kidogo anaambiwa nini.

Lakini siku ile alitaka kumkabidhi mzee mali yake na kurudi kwenye meza. Mzee hakuipokea.

"Twende nayo," alisema. "Ikinikatalia nyumbani nitamlilia nani? Muda wa kurudi huku sina."

"Mimi siendi kwa wateja, mzee."

"Wala mimi sikuja kwako kunywa chai."

Ilikuwa hoja. Alifunga mlango wa chuma saa nne na nusu asubuhi, jambo ambalo jirani wa fotokopi alilitangaza kwa foleni nzima.

Mzee aliishi mtaa wa pili, chumba cha nyuma. Kuta zake zilikuwa nyoofu na laini kiasi kwamba Bisibisi alipitisha kiganja bila kukusudia. Hakukuwa na vitu vingi: kitanda, meza, kiti, koti la kazi kwenye msumari. Alisogeza meza mpaka kwenye ukuta uliopakana na chumba cha muuguzi, kwa sababu hapo ndipo waifai ilipokuwa na nguvu, akaandika nywila kutoka kwenye karatasi, akafungua ukurasa wa gereza. Saa tano kasoro dakika nne.

"Tayari. Mimi nipo nje."

"Kaa," mzee alisema. "Ikikatika nitafanyaje?"

Akakaa kitandani, pembeni, ambapo kamera haikumfikia, akageuza uso ukutani. Masikio hakuwa na namna ya kuyageuza.

Kijana alitokea amenyolewa, na sare kubwa kumzidi. Nyuma yake kulikuwa na saa ya duara ukutani. Pembeni ya kioo tarakimu zilianza kushuka kutoka kumi na tano.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekonda."

"Wewe ndiye umekonda. Goti?"

Waliongea habari za goti. Wakaongea habari za bati linalovuja, na za shangazi aliyehama bila kuaga, na za huyo muuguzi anayelala mchana. Dakika zilipita nane hivyo. Vidole vya mzee vilikuwa vinasawazisha meza, kwenda na kurudi, kama meza ilikuwa bado mbichi.

"Baba, Jumatatu naenda."

"Najua."

"Yule mwashi bado yuko pale?"

"Yupo."

"Mfikishie. Mwambie mwaka mmoja si mwingi."

Mkono wa mzee ulisimama. "Si yeye."

"Si yeye nini?"

"Aliyesema si yeye. Ni mimi niliyemwambia msimamizi. Nilizikuta nyaya chini ya kitanda changu, nikaenda kwake. Nilidhani atakufukuza kazi tu, urudi nyumbani nikugombeze. Sikujua ataita polisi. Nilipojua ilikuwa imeshapita."

"Ukaja mahakamani," kijana alisema, taratibu. "Ukakaa mstari wa mbele."

"Nilikuja."

"Ukalia."

"Nililia."

"Na mimi nikakuonea huruma."

Kijana alisukuma kiti nyuma, akainuka, akatoka kwenye picha. Kilibaki kiti, na ukuta wa rangi ya kijivu, na ile saa ya duara.

Tarakimu zilisoma nne na sekunde kumi. Mzee hakusogea. Tatu. Bisibisi aliitupia macho picha, akahofia kwamba imeganda, kwa kuwa picha iliyoganda na kiti kitupu havitofautiani. Akatazama mshale wa sekunde wa ile saa ya gerezani. Ulikuwa unatembea. Mtandao ulikuwa mzima. Kilichokuwa pale ndicho kilichokuwa pale. Mbili. Moja.

Zilipobaki sekunde thelathini, sare ilirudi. Hakukaa. Lilionekana tumbo lake tu, na mkono mmoja ulioshika mgongo wa kiti.

"Mwashi anajua nilikuwa namtaja yeye?"

"Anajua. Salamu zako zilimfikia kabla hazijanifikia mimi. Amewahamishia watoto kwa shemeji yake, anaogopa."

Mkono uliuachia mgongo wa kiti, ukaushika tena.

"Mwambie awarudishe," kijana alisema. "Mwambie mimi na yeye hatuna kitu. Wewe na mimi, hilo..."

Kioo kikawa cheupe. Yakatokea maandishi kwamba ziara imekamilika.

Mzee aliendelea kutazama weupe ule. "Imekatika?"

"Muda umekwisha."

"Si kadi?"

Bisibisi aliinama, akaangalia ile alama ya mtandao kabla ya kujibu, maana alitaka kuwa na hakika. "Si kadi, mzee. Ni muda."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Akasimama kwa kulitegemea goti lililo zima, akatungua koti la kazi kwenye msumari, akaanza kulivaa.

"Unakwenda wapi na jua hili?"

"Kwenye jengo. Mwashi anatoka saa kumi, lakini mchana huwa anakaa peke yake, anakula. Yeye bado sijamwambia kwamba ni mimi."

Bisibisi alikunja waya wa chaji, akafunga laptop, akaiacha juu ya meza, na wakatoka pamoja mpaka njia panda, ambapo mzee alishika njia ya kwenye majengo na yeye akarudi kufungua duka.